Punda Milia Walivalishwa Mtandao Kabla Yetu

Kuna boksi jeupe limefungwa kwenye ukuta wa ploti yetu hapa Gatwekera, juu kidogo ya mlango wa choo, pale mkono wa mtoto haufiki. Lililetwa na watu wanne waliovaa vizibao vya kung'aa. Waliongea na keretaka, wakaegemeza ngazi, wakatoboa matundu mawili, wakafunga. "Inapima hewa," wakatuambia. Mama alikuwa anafua nguo pale chini. Akainua kichwa, akauliza swali moja tu: "Na itakuwa inatuambia nini?"

Kijana aliyeshika drili akatabasamu. "Itatuma data, Mama."

Miaka kadhaa imepita. Hao watu hawajarudi. Siwezi kuwataja hata nikitaka, maana hakuna aliyewauliza jina. Kataa kekundu kalikokuwa kanawaka usiku kalizima. Nyigu wakajenga upande mmoja. Na kila asubuhi nikipita pale na ndoo yangu, naskia tena lile swali la Mama.

Kawaida hapa naandika kuhusu simu za bei ya mtaa na jinsi ya kutambua chaja feki. Leo nipeni nafasi niandike historia. Nilitaka kujua boksi kama lile lilitoka wapi, nani alianza, na lilifikaje kwetu. Nimesoma usiku kadhaa, na nilichopata kilinishtua: hii teknolojia ilifika Kenya kitambo sana, na kati ya waliovalishwa mwanzo kabisa hawakuwa watu. Walikuwa punda milia.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Watu wengi wanaita hiki kifaa "sensa". Mimi nitakiita kihisi, kwa sababu sensa kwetu ni ile ya kuhesabu watu, na hiyo nayo ina kisa chake hapa Kibera, nitakifikia. Kihisi ni kitu kinachohisi jambo moja: joto, vumbi, mwendo, kina cha maji. Kinageuza alichohisi kuwa umeme mdogo, na umeme unageuzwa kuwa namba.

Halafu kuna kompyuta iliyofichwa. Usidhani kompyuta lazima iwe na skrini na kibodi. Ile mita ya token za stima ni kompyuta. Unapiga namba 20, yenyewe inafanya hesabu humo ndani bila kumpigia mtu yeyote simu, na inajua kama namba ni ya kweli na ni yuniti ngapi. Ni kompyuta ya kazi moja, haichezi video, haina haja. Sasa chukua kompyuta ndogo kama hiyo, ipe kihisi, betri na redio. Weka nyingi mahali pamoja, zizungumze zenyewe kwa zenyewe. Huo ndio mtandao wa vihisi usiotumia waya. Boksi letu ni mtoto wa ukoo huo.

Ukoo wenyewe ulianzia Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mhandisi Kristofer Pister alikuwa na ndoto aliyoiita vumbi lenye akili: vifaa vidogo mno, vinavyoweza kumwagwa kama mchanga na bado vikaongea. Pesa za mwanzo zilitoka kwa wakala wa utafiti wa jeshi la nchi hiyo, DARPA. Jeshi lilitaka kujua nani anapita wapi bila kuweka askari pale. Kwenye chuo hichohicho, David Culler na wanafunzi wake wakaandika TinyOS, programu ndogo ya kuendesha vifaa visivyo na kumbukumbu wala umeme wa kutosha. Shida ilikuwa ileile inayotusumbua mtaani: ufanye nini na betri kidogo, na itakaa siku ngapi?

Mwaka 2002 wakapeleka vifaa 32 kwenye kisiwa cha Great Duck, jimbo la Maine. Viliwekwa ndani na karibu na mashimo ya ndege wa baharini, vipime joto na unyevu bila binadamu kwenda kuwasumbua ndege wakiwa wameatamia. Kwa hiyo kitu kilichofikiriwa kwa ajili ya vita kilipata kazi yake ya kwanza inayojulikana sana kwa ndege.

Na kazi iliyofuata kujulikana ilikuwa kwetu.

Katika Chuo Kikuu cha Princeton kulikuwa na mwanasayansi wa kompyuta anaitwa Margaret Martonosi. Kulikuwa pia na mtaalamu wa wanyama, Daniel Rubenstein, ambaye alikuwa amesoma tabia za punda milia wa Kenya kwa miaka mingi. Rubenstein alikuwa na tatizo: ukitaka kujua punda milia analala wapi na anatembea vipi usiku, utamfuata na gari mpaka lini? Wakaungana. Mradi ukaitwa ZebraNet, na makala yao ya kwanza ikatoka mwaka 2002. Januari 2004 wakaja na vifaa mpaka hifadhi ya Sweetwaters, upande wa Nanyuki kule Laikipia, wakawavisha punda milia mikanda ya shingoni.

Ndani ya kila mkanda kulikuwa na kipokezi cha GPS, kompyuta iliyofichwa, kumbukumbu, redio, betri na vipande vya sola vya kuichaji. Lakini ujanja haukuwa kwenye vifaa. Ujanja ulikuwa kwenye mpango. Porini hakukuwa na mtandao wa simu wa kutegemea, na redio yenye nguvu ya kufika mbali ingemaliza betri. Kwa hiyo wakasema: punda milia wenyewe watakuwa wabebaji. Mmoja akikutana na mwenzake kwenye malisho, mikanda inapeana habari. Wangu unachukua za kwako, wako unachukua za kwangu. Kila mnyama anatembea amebeba safari zake na safari za wengine. Siku mtafiti akipita na gari karibu na mmoja tu, anapata habari za wengi, hata wale ambao hajawaona.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu wazee wa hapa Gatwekera wanaijua hiyo mbinu bila kwenda Princeton. Kabla ya simu za mkononi, ukitaka kutuma neno nyumbani Siaya au Homa Bay, ulimtafuta mtu anayesafiri. Ulimpa barua, na pengine sukari kilo mbili. Akifika Kisumu stendi, anamtafuta mwingine wa kuelekea upande wenu. Huyo naye anampa mtoto wa shule. Barua ilifika kwa sababu watu walikutana. Hakuna aliyeijua njia yote, kila mmoja alijua kipande chake. Wanasayansi wa kompyuta wakaandika hesabu zake, na makala ya ZebraNet imekuwa moja ya zile ambazo watafiti wa fani hii duniani kote huzitaja tena na tena. Uwanja wake wa majaribio ulikuwa Kenya.

Sina ubaya na punda milia. Walisaidiwa, na elimu ilipatikana. Lakini weka hiyo tarehe kichwani: Januari 2004, mnyama wa Laikipia anajulikana yuko wapi mchana na usiku. Sasa njoo Kibera.

Mwaka 2009, ukifungua ramani za intaneti ukatafuta Kibera, ulikuta sehemu tupu. Hakuna njia, hakuna shule, hakuna zahanati, hakuna choo. Maelfu ya watu, na ramani imenyamaza. Hata idadi yetu ilikuwa hadithi. Ukisikiliza wafadhili, Kibera ilikuwa na watu milioni moja, na wengine waliongeza juu. Kisha sensa ya mwaka huohuo, ile ya kuhesabu watu, ikatoa 170,070, na katika hao Gatwekera karibu 25,000. Mpaka leo watu wanabishana kwenye vibanda vya chai kama walihesabiwa sawasawa. Mimi sitaki kuamua huo ubishi. Ninachoona ni hiki: watu walikuwa wanatuongelea kwa namba ambazo sisi hatukushiriki kuzitafuta.

Novemba 2009 ndipo Map Kibera ilipoanza, ikiongozwa na Erica Hagen na Mikel Maron pamoja na vijana wa hapahapa kutoka vijiji vyetu: Kianda, Soweto, Gatwekera, Lindi, Laini Saba, Silanga na vingine. Vijana walipewa vipokezi vya GPS, wakatembea kila kichochoro, wakaweka alama: bomba hapa, choo hapa, kanisa hapa, mahali penye giza hapa. Ramani ikaingia kwenye OpenStreetMap ambapo yeyote anaweza kuiona na kuirekebisha.

Unaona kilichobadilika? GPS ni ileile. Setilaiti ni zilezile. Punda milia aliivaa shingoni, kijana wa Kibera aliishika mkononi. Ya shingoni inamwambia mtu mwingine uko wapi. Ya mkononi inakuambia wewe, na wewe ndiye unaamua nini kiwekwe alama na nini kiachwe. Nimeanza kuipima historia yote ya hivi vifaa kwa huo mzani mmoja: kiko shingoni au kiko mkononi?

Twende Kitui kidogo, kwa sababu kule ndiko nilipata mfano mzuri kuliko wote.

Kyuso ni sehemu kavu. Watu wanategemea pampu za mkono za aina ya Afridev. Pampu ikiharibika, mama anarudi kwenye shimo la mchanga mtoni au anatembea kilomita nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwemo Rob Hope na Patrick Thomson, wakabuni kifaa cha kuweka ndani ya mkono wa pampu. Kina kihisi cha mwendo, kama kile kinachogeuza skrini ya simu yako ukiilaza. Mkono ukipanda na kushuka, kifaa kinahesabu, halafu kinatuma ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe ukionyesha mkono haujasogea, ujue kuna tatizo. Mwaka 2013 wakajaribu kwenye zaidi ya pampu 60.

Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa majaribio ikawa chini ya siku 3.

Soma tena hizo namba taratibu. Halafu jiulize nani alizipunguza hizo siku. Wengi watajibu ni kifaa. Hapana. Kifaa hakijui kushika spana. Kilichopunguza siku ni kwamba ujumbe ulipofika, kulikuwa na timu ya mafundi yenye pikipiki na vipuri ambayo kazi yake ilikuwa kwenda. Kifaa kiliondoa muda wa kusubiri kujua. Fundi ndiye aliondoa muda wa kusubiri maji. Watafiti wenyewe waliliona hilo, ndiyo maana kilichokuja baadaye Kitui na Kwale ni huduma ya matengenezo, na jina lake likaanza na neno letu: FundiFix.

Mwaka 2015 hizi kompyuta zilizofichwa zikaingia kwenye mitaa kama yetu kwa mlango wa maji. Kampuni ya maji ya Nairobi pamoja na kampuni ya Grundfos kutoka Denmark waliweka mashine za kuuza maji kule Mathare. Unaweka kadi, unachota, inakata salio. Bei ilikuwa senti 50 kwa lita 20, wakati mchuuzi wa mtungi alikuwa anauza mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa mama mwenye watoto wanne hiyo si hadithi ya teknolojia, ni hadithi ya chakula cha jioni. Leo watoto wa mtaani hawashangai kuona bomba linalodai token. Kwao ni bomba tu.

Mtu atasema, lakini bado hizi zote ni akili za watu wa nje, sisi tunapokea tu. Hapo nakataa. Kuna wenzetu wanafanya hii kazi, na inafaa tuwataje kwa majina kama tunavyowataja wachezaji wa mpira.

Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere, yuko mwanasayansi wa kompyuta anaitwa Engineer Bainomugisha. Engineer ni jina lake, si cheo. Mwaka 2015 yeye na wenzake walianzisha AirQo, wakatengeneza vipima hewa vyao hukohuko Kampala. Kwa nini wasinunue tu? Kwa sababu kifaa kilichoundwa kwa ajili ya mji wa Ulaya hakijui vumbi la barabara ya murram, joto la bati mchana, na stima inayopotea saa mbili usiku. Wakaunda chao kikavumilia hayo, kikatuma data kwa mtandao wa simu wa kawaida. Vingine wakavifunga kwenye boda boda ili vizunguke mji. Punda milia wa Kampala, ukipenda, lakini safari hii mwenye boda boda anajua amebeba nini.

Nyeri, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, yuko Ciira wa Maina. Alisoma uhandisi wa umeme hapa Nairobi, akaenda Marekani kwa uzamivu, akarudi. Yeye na wanafunzi wake wameweka vihisi vya kupima kina cha mto Muringato. Kifaa kinatundikwa juu ya maji, kinatoa sauti usiyoweza kuisikia, kinangoja mwangwi urudi. Mwangwi ukirudi haraka, maji yamepanda. Kisha kinatuma namba chache kwa redio ya aina ya LoRa, ambayo inasema maneno machache lakini inafika kilomita kadhaa kwa betri ndogo. Hiyo ni akili ya mtu anayejua mto anaoupima.

Kuhusu hewa ya Nairobi, Michael Gatari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake wa Birmingham walichapisha utafiti mwaka 2018 wakitumia vihisi vya bei nafuu walivyovirekebisha kwa uangalifu. Waliweka kimoja kandokando ya barabara katikati ya mji, kingine kwenye jengo la chuo, na cha tatu wakakipeleka mbali na mji, kwenye hewa safi, ili kulinganisha. Mahali penyewe? Nanyuki. Kulekule kwa punda milia.

Sasa niwaambie kwa nini haya yote yananiuma.

Mwisho wa Aprili 2024, mnakumbuka ile mvua. Sisi tuko juu kidogo, lakini shangazi yangu anaishi chini, karibu na maji. Maji yanayopita huku hayaanzi huku. Mto Motoine unatoka juu, upande wa Dagoretti, unashuka mpaka bwawa la Nairobi, lile lililojengwa 1953, ambalo siku hizi limejaa taka na magugu kuliko maji. Mvua ikinyesha huko juu, sisi huku tunaweza kuwa tumelala, bati limenyamaza, na bado mto unapanda.

Shangazi hakuamshwa na simu. Simu ilikuwa imezima, stima ilipotea tangu jioni. Aliamshwa na jirani aliyetoka nje akaanza kupiga sufuria na mwiko. Nyumba iliyofuata ikasikia, nao wakachukua sufuria yao. Sauti ikapanda kichochoro kwa kichochoro. Shangazi akabeba mtoto mgongoni na kitambulisho mdomoni, akaacha godoro. Alipofika kwetu maji yalikuwa yameingia kwake mpaka kitandani.

Huo ndio ulikuwa mtandao wetu usio na waya usiku ule: sufuria na mwiko. Ulifanya kazi. Lakini ulianza kazi maji yakiwa tayari mlangoni. Kifaa kama cha Muringato, kikitundikwa chini ya daraja moja huko juu, kingekuwa kimeshajua. Kwa hiyo mtu asiniambie hii sayansi ni ya wasomi na haituhusu. Inatuhusu kuliko inavyomhusu mtu wa Karen.

Lakini pia asiniambie kwamba kifaa peke yake kingemwokoa shangazi. Hebu fikiria kimewekwa, kimehisi, kimetuma namba zake vizuri mpaka kwenye kompyuta ya ofisi fulani, na ofisi imefungwa saa kumi na moja jioni. Maji yataingia vilevile, tofauti ni kwamba yataingia yakiwa yamerekodiwa. Somo la Kyuso ni hilo. Ujumbe lazima umfikie mtu mwenye spana. Kwetu, mtu mwenye spana usiku wa mafuriko ni yule jirani mwenye sufuria. Mpe yeye ujumbe saa moja mapema, halafu muone.

Baada ya mafuriko nilimwendea Odhis. Odhis anatengeneza redio na simu kwenye kibanda karibu na reli, na hajawahi kusoma zaidi ya kidato cha pili, lakini nimewahi kumuona akifufua televisheni iliyonyeshewa. Tuliomba ruhusa kwa keretaka, tukafukuza nyigu kwa moshi, tukafungua boksi jeupe.

Ndani kulikuwa na vitu vichache tu. Bodi moja ya saketi. Betri iliyovimba kama mandazi. Feni ndogo kama ukucha wa dole gumba. "Hii inavuta hewa," Odhis akasema, "halafu hapa kuna leza." Nilimweleza nilichosoma: vumbi likipita mbele ya leza linatawanya mwanga, kijicho kidogo kinahesabu huo mwanga, na hapo unajua chembe ni nyingi kiasi gani. Chembe zenyewe ni zile ndogo za maikroni 2.5 kushuka, nyembamba kuliko unywele karibu mara 30, zinazopita puani mpaka ndani kabisa ya mapafu. Pembeni kulikuwa na laini ya simu. Odhis akaitoa, akaijaribu kwenye simu yake. Imefungwa kitambo.

Akaunganisha boksi na chaja. Feni ikazunguka. Kataa kakawaka.

Kwa hiyo halikuwa limekufa. Lingeweza kupima miaka yote hiyo, ila halikuwa na wa kumwambia. Na hata lilipokuwa na laini, lilikuwa linamwambia mtu mwingine, si Mama aliyesimama chini yake na beseni. Halikuwekewa hata kiskrini cha bei ya chipsi. Tulikuwa tumevalishwa.

Ninaomba jambo moja kwa wote wanaokuja mtaani na ngazi na drili, na hata kwa wasomi wetu niliowasifu hapa. Kabla hamjatoboa ukuta, jibuni maswali matatu mbele ya watu wa ploti. Ujumbe unaenda kwa nani? Kikiharibika, nani hapa mtaani amefundishwa kukifungua? Na siku mradi ukiisha, kifaa kinabaki cha nani? Kama jibu la swali la kwanza halina jina la mtu wa Gatwekera hata mmoja, rudini kwanza mkapange upya.

Na sisi tusikae tu tukilalamika. Kila ploti ina Odhis wake. Kuna watoto hapa wanaojua kuandika programu kwa simu iliyopasuka skrini. Mbinu za punda milia ziko wazi kwa yeyote kuzisoma, na tulikuwa tunazitumia kwa barua na sukari kabla hazijaandikwa.

Mimi na Odhis ilituchukua Jumapili tatu. Tuliweka betri nyingine, tukaongeza kabodi kadogo na kiskrini tulichotoa kwenye kifaa kibovu, tukalirudisha boksi mahali pake palepale ukutani. Namba zake sitazitaja hapa, kwa sababu kihisi cha bei nafuu hakiaminiki mpaka kilinganishwe na mashine kubwa, na sisi hatuna mashine kubwa. Lakini kupanda na kushuka tunaweza kuona.

Jioni ya kwanza Mama alitoa kiti, akakaa chini ya boksi kama mtu anayetazama taarifa ya habari. Namba ilikuwa imetulia. Halafu Mama Akinyi wa mlango wa tatu akawasha jiko la makaa pale koridoni, kama kila siku. Namba ikaanza kupanda. Ikapanda tena. Mama akaangalia skrini, akaangalia jiko, akaangalia mjukuu wa Mama Akinyi aliyelala kwenye leso hatua mbili kutoka hapo.

Akasimama. "Nyar gi Akinyi," akamwita, "shika upande huo, tutoe hili jiko nje."